Kitana cha Moto

Nywele ni mali ambayo mtu huzaliwa nayo bila kuinunua, na aghalabu kisichonunuliwa hutumiwa bila hesabu. Nilizitumia zangu hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Hesabu niliifanya nikiwa na umri wa miaka 42, nami naiandika hapa kwa kuwa naamini si yangu peke yangu.

Kitana cha moto nilikijua Tanga mwaka 1989, usiku wa kuamkia Idi. Mama alikilaza kitana cha chuma juu ya jiko la makaa, akakijaribu kwenye gazeti kuukuu. Gazeti lilipoungua alisubiri. Lilipobaki jeupe alianza. Aliliziba sikio langu kwa kiganja chake cha kushoto, akapitisha kitana kwa mkono wa kulia. Nywele zilizopakwa mafuta ya nazi zilitoa moshi, kisha zikalala. Nililia kwa hofu, nikajitazama katika kioo, nikafurahi. Siku ya pili ya Idi mvua ilininyeshea, zikarudi zilivyokuwa.

Chombo hicho kilitoka mbali. Marcel Grateau alikuwa akitia mawimbi nywele za wanawake wa Paris kwa koleo za moto tangu mwaka 1872, na huko Marekani Madam C. J. Walker, aliyefariki mwaka 1919, alisaidia kukieneza kitana cha moto miongoni mwa wanawake weusi.

Elimu yaeleza kazi ya mvua ile. Unywele ni uzi wa protini iitwayo keratini, na umbo lake hushikwa na vifungo. Vilivyo dhaifu, vya hidrojeni, hulegezwa na joto na hushikana upya unywele unapopoa. Maji yakija, umbo la asili hurejea. Lakini joto likizidi, au likirudiwa mno, keratini yenyewe huharibika na magamba madogo yaufunikayo unywele hupasuka. Hapo maji hayarudishi kitu. Unywele uliokwisha kutoka katika ngozi hauna uhai, basi haujiponyi kama kidonda kijiponyavyo.

Nilipoanza kufundisha nilinunua pasi ya nywele ya umeme. Kitana kilikuwa cha Idi na harusi. Pasi ikawa ya kila Jumapili usiku. Bamba zake zilifika nyuzi 200 za Selsiasi na zaidi, nami niliiweka katika joto la juu kabisa, maana nilikuwa na haraka. Pengine nywele zilikuwa hazijakauka, na maji yachemkayo ndani ya unywele huutoboa.

Kwa miaka mingi nilisema kwamba nywele zangu hazikui. Zilifika mabegani zikasimama. Neno hilo halikuwa kweli. Nywele za kichwani huota yapata sentimita 1 kwa mwezi, kwa sababu mzizi umo ndani ya ngozi, mahali ambapo pasi haifiki. Zangu ziliota shinani na kukatika nchani kwa kiasi kile kile. Nilikuwa kama mtu ajazaye mtungi uliotoboka, akalaumu kisima.

Januari 2022 niliifungia pasi kabatini. Baada ya miezi 6 kila unywele ulikuwa na hali mbili: shina lililojikunja na ncha iliyolala. Mahali hali hizo zilipokutana palikuwa dhaifu, na kila nilipochana palikatika. Msusi alinishauri nikate ncha zote siku moja. Sikukubali. Niliona haya kusimama mbele ya darasa na kichwa kifupi, nikakata kidogo kidogo kwa miezi 20. Katika muda huo nilijua jambo nisilolipenda: niliogopa macho ya watu kuliko nilivyoogopa moto.

Lawama niliitupa kwa mama. Nilidhani yeye ndiye aliyenifundisha kuzionea haya nywele zangu. Desemba 2023 nilikwenda Tanga, akanikalisha chini mbele ya magoti yake akaanza kunisuka. Nikamwuliza kwa nini alinichoma nywele utotoni.

“Mwanangu,” alisema, “ile ilikuwa Idi. Siku nyingine zote nilikusuka. Nani aliyekwambia ufanye kila juma?”

Sikuwa na jibu. Alinyosha mkono wake wa kushoto mbele ya uso wangu. Kiganjani palikuwa na kovu jembamba lililofifia. “Sikio lako lilikuwa hapa,” akasema, akaendelea kusuka.

Simlaumu anyoshaye nywele zake. Kujipamba ni haki ya kila mtu. Namwomba tu azikaushe kwanza, apunguze moto, na aziachie nafasi ya kupumzika. Atakaye kuziotesha upya asitafute dawa ya kuzifufua ncha zilizoungua, maana haipo. Azikate, na asubiri. Na kabla ya kumlaumu aliyemshika kichwa utotoni, akumbuke ni mkono wa nani ulioishika pasi baadaye. Mimi nilichelewa kukumbuka, na nusura nimkosee mama kwa kosa langu mwenyewe.