Kle ninayovaa shingoni



Kwenye mkutano wa juma lililopita, wamama watatu waliniuliza kile kitu kidogo ninachofunga kwa kamba shingoni ni nini. Mmoja alifikiri ni dawa. Nilicheka, nikaahidi kujibu hapa kwenye barua yetu, maana jibu ni refu na mvua ilikuwa inakaribia.

Ni kle ya USB, ya giga 8, ile ile ambayo vijana wanawekea muziki. Ndani yake mna sauti. Nikiichomeka katika ordinatere ya mtu yeyote, hapa Bukavu au mahali pengine, ile ordinatere inaanza kunisomea kilicho kwenye kioo chake. Nikiichomoa, inakuwa tena bubu kama kawaida.

Mnajua kwamba sioni. Labda hamjui ilivyoanza. Presha ya macho haikuniuma hata siku moja. Ilinila pembeni kwanza: nilikuwa nagonga bega kwenye mlango, namwaga maji pembeni ya beseni, nikasema ni uchovu wa mama mwenye watoto sita. Nilipofika kwa daktari jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia likalifuata. Kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi, daktari analinda kilichobaki tu. Basi wewe uliyepita miaka 40, hasa kama mzazi wako alipofuka, nenda upimwe. Nimelisema, sasa naendelea.

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa MUSO yetu, na ningali mwandishi. Makasha yetu matatu mnayafahamu: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la msaada wakati wa ugonjwa na kilio, la bluu la pesa za kutoka nje. Hesabu na ripoti za mikutano tunaziandika katika ordinatere ya zamani inayokaa kwa Mama Prezidante. Macho yalipozimika sikutaka kuiacha kazi hiyo. Nilimchukua binti yangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 12. Kila Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa darasani, yeye alikuwa mezani kwa Mama Prezidante, ananisomea, naye anaandika ninayomwambia. Barua na ujumbe wa simu pia ni yeye. Nilijisifu kwamba nina mtoto mwenye akili. Mwalimu wake alipomwita bwana yangu kumwambia mtoto anarudi nyuma katika hesabu, niliona haya, lakini Jumamosi iliyofuata nilimchukua tena.

Kle ilinifikia kupitia kijana mmoja mwalimu, naye haoni tangu utoto. Tulikutana katika kikao cha watu wenye ulemavu. Alinisikia nikimwambia binti yangu "soma hapo", akaniuliza kwa heshima: "Mama, na siku akiolewa?"

Alinieleza kuhusu programu inayoitwa NVDA. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, aliianza kwa sababu programu za namna hiyo zilikuwa za bei kubwa mno. Mwenzake James Teh, ambaye pia haoni, wakaijenga pamoja. Walijuana tangu utotoni, katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Hailipishwi hata franka moja, na si ya wizi. Na si lazima uwe na ordinatere yako. Jambo hilo ndilo lililonishika, kwa sababu mimi sina.

Tulikwenda naye siberi. Tuliishusha programu kutoka intaneti, tukaifungua, nayo ikatuuliza: mnataka kuniweka katika mashini hii, au mnataka nakala ya kubeba? Tukachagua ya kubeba, tukaionyesha kle, ndani ya dosie tuliyoipa jina fupi "nvda". Dakika chache ikawa tayari. Jina fupi lina maana yake, mtaiona.

Kazi ilikuwa kuiamsha. Ukichomeka kle, sauti haiji yenyewe. Ni lazima uiite, na unaiita ukiwa bado hauoni wala husikii kitu. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika E, nukta mbili, ule mstari uliolala kinyume, nvda, mstari tena, nvda, kisha Enter. Kwenye klavie zetu za Kifaransa mstari huo uko chini ya AltGr na 8. Nilijifunza kuutafuta kwa kidole kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Vitufe F na J vina kinundu kidogo; kutoka hapo unahesabu. Halafu mashini nyingine inaiita kle E, nyingine F, nyingine G. Ukikosea inalia, unabonyeza Escape, unajaribu herufi inayofuata. Ukipatia, unasikia mlio unaopanda juu, na baada ya mlio, maneno. Mara ya kwanza ilinichukua karibu nusu saa, nikiwa nalipia saa ya siberi.

Nilikuwa nimebeba ripoti zetu za mikutano ndani ya kle ile ile. Nikavaa ekutere, nikafungua moja, nikabonyeza Insert na mshale wa chini, ambayo maana yake ni "soma yote". Wamama, nilikaribia kuanguka kwa kicheko. Ilikuwa sauti ya bibi wa Ufaransa inayosoma Kiswahili chetu! Kila "u" aliibana puani, "kutumikia" ikawa kitu ambacho hata padri mzungu asingesema. Yule mwalimu alinionyesha: Insert, Ctrl na S, unachagua eSpeak, Insert, Ctrl na V, unachagua sauti ya Kiswahili, Insert, Ctrl na C, unahifadhi. Sauti hiyo ni kavu, kama ya mtu anayeongea ndani ya debe, lakini inatamka Kiswahili, na inakaa ndani ya kle, kwa hiyo ni ile ile kila mahali. Yule bibi alikuwa wa mashini ya siberi.

Nikaanza ripoti upya. Ilikuwa ya mkutano wa miezi minne nyuma, ambao sikuhudhuria kwa sababu ya malaria. Binti yangu alikwisha kunisomea yote. Nikasikiliza michango, mikopo, msiba wa mwenzetu. Halafu sauti ya debe ikasema: mama mmoja ameomba mwandishi abadilishwe kwa sababu haoni, na kwa sababu mtoto hapaswi kujua siri za makasha yetu, mkutano umeahirisha jambo hilo.

Nikabonyeza Ctrl, sauti ikanyamaza. Nikarudi juu mstari mmoja kwa mshale. Nikausikia tena, neno kwa neno, vilevile. Mwalimu alikuwa pembeni yangu na hakujua kitu, kwa sababu ya ekutere. Kwa miaka mingi hakuna barua iliyonifikia bila kupita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine. Hii ilinifikia peke yangu, na ilikuwa mbaya, na niliishika kama kitu changu.

Jioni nilimwuliza mtoto. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: "Mama, ungelia." Nikamwuliza ni mistari mingine mingapi ameiruka. Akasema hakumbuki. Mtoto wa miaka 14, anayechagua kila siku mama yake ajue nini na asijue nini! Mzigo huo ni mimi niliyemtwika. Sikumpiga wala sikumkaripia. Nilimwambia Jumamosi aende shule.

Kuhusu yule mama, usiku ule nilimkasirikia. Asubuhi nilikubali nusu ya maneno yake. Juu ya macho yangu alikosea. Juu ya mtoto alisema kweli: binti yangu alijua nani amekopa, nani ameshindwa kulipa, mume wa nani alikunywa pesa za kasha la kijani. Hakuwahi kusema nje, lakini hakupaswa kujua.

Katika mkutano uliofuata niliomba neno, nikasema nimeisoma ripoti mwenyewe. Kukawa kimya. Nikafungua hesabu, ekutere sikio moja, nikataja mchango wa kila mmoja, na Mama Kesie akafuatisha katika daftari lake la karatasi. Tulipishana mahali pamoja, franka 5.000, na kosa lilikuwa la daftari. Wakaamua nibaki, kwa sharti mtoto asiguse tena hesabu. Yule mama aliinua mkono pamoja na wengine. Hatujawa marafiki, lakini sasa akitaka kujua salio lake anakuja kwangu.

Msidhani kle inaweza yote. Mashini inapouliza ruhusa ya kubadili mambo makubwa, sauti inakatika, na ninaomba mwenye macho anisaidie. Kuna siberi moja walikataa kle za watu kabisa, nikarudi nyumbani. Hawakukosa sababu: virusi. Mara moja kle yangu ilirudi na dosie zote zimefichwa. Kwa bahati ile programu ni dosie tu, nilikuwa na nakala kwenye kle ya pili, nikainakili tena ikawa kama mwanzo. Kwa hiyo nunueni mbili, na ya pili isitoke nyumbani. Kabla ya kuchomoa, Insert na Q, kisha Enter, ili sauti ifunge kazi yake. Kwenye ordinatere ndogo isiyo na Insert, unaweza kuiambia programu itumie Caps Lock mahali pake. Na kama mashini yenu ni ya Windows 7 kama ile ya Mama Prezidante, msichukue toleo jipya; la mwisho linaloikubali ni 2023.3.4. Sisi tulipoteza siku nzima kwa kutojua hilo. Kuran ikikatika, basi, wote tunakuwa sawa.

Jambo moja nawaomba: acheni kupiga picha barua za jumuiya na kunitumia. Picha kwangu ni ukimya. Andikeni maneno, hata kama yana makosa.

Mwenye mtu asiyeona nyumbani, awe mtoto au mkwe mzee, alete kle tupu Jumamosi baada ya mkutano, nitamfanyia nakala. Aje na yule mtu mwenyewe, kwa sababu vidole vyake ndivyo vitajifunza.

Binti yangu sasa yuko kidato cha tatu. Picha bado ananieleza yeye. Juzi kaka yake alituma ya mtoto mchanga kutoka Lubumbashi, na chini yake maneno machache. Akanieleza pua, nywele, blanketi la njano, kisha akasoma maneno.

"Umesoma yote?" nikamwuliza.

"Yote, Mama. Anaomba pia pesa."