Masharti ya Mama wa Dirishani

Tulipokimbia Masisi, Zaire (Kongo ya leo), mwaka 1996 na kuingia Gisenyi, Rwanda, tulikuta kanisa lenye makundi ambayo mgeni asingeyatambua kwa macho. Waliotoka Uganda waliitwa Abasajya. Sisi wa Zaire tulikuwa Abadubai. Walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994 humu ndani ni Abasopecya. Novemba mwaka huohuo kambi za wakimbizi za Goma, ng'ambo ya mpaka, zikavunjika, watu kwa mamia ya maelfu wakavuka mpaka kurudi makwao, na baadaye wao nao wakapachikwa jina: Abatingitingi, kutokana na kambi moja ya huko Kongo. Kisha ikaja vita ya Abacengezi, wapiganaji waliojipenyeza kutoka Kongo, ya 1997 na 1998, na ikawa vigumu kujua jirani yako analala upande gani.

Hakuna aliyepanga viti, lakini kila Jumapili watu walielekea kwenye mabenchi yao kama mbuzi wanaojua zizi. Wajane wa 1994 dirishani, waliotoka kambini karibu na mlango, Abasajya mbele (wao ndio walikuwa na mishahara). Sisi watoto wa Masisi tulibanana nyuma tukinong'ona Kiswahili, ambacho wazee kadhaa walikiona ni lugha ya sokoni. Mahubiri ya upendo hayakukosekana. Ibada ikiisha, kila kundi lilishika njia yake.

Mwaka 2003 serikali ilianza kuwaachia kwa maelfu wafungwa wa mauaji ya kimbari waliokiri makosa yao, na mmoja akarudi kanisani kwetu. Wazee wa kanisa wakabishana majuma mengi kama ashiriki meza ya Bwana. Mama mmoja wa dirishani, mjane, aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Msiniombe nimkumbatie. Mwambieni aseme mume wangu yuko wapi.”

Mfungwa alisema, mbele ya gacaca, mahakama ya kijamii. Vijana wa makundi yote tulikwenda kuchimba, tukipokezana kwa kuwa majembe hayakutosha. Jembe nililopokea lilitoka kwa mtoto wa yule mfungwa, mpini bado umelowa jasho. Ulipopatikana mkanda, mama aliutambua kwa tundu la ziada alilolitoboa mwenyewe kwa msumari mumewe alipokonda.

Baada ya maziko mama alitoa masharti: yule mzee aliyetoka gerezani asipitishe kapu la sadaka kwenye benchi lake, wala asitangulie kunywa kikombe. Kanisa likakubali. Wapo walionung'unika kwamba huo si msamaha. Mimi nauhesabu kuwa umoja wetu wa kwanza wa kweli, maana uliomba jambo ambalo binadamu anaweza kulitimiza.

Usiku wa Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, na watu wa Goma wakamiminika kwetu. Siku zilizofuata matetemeko yalipasua kuta za Rubavu, wilaya yetu, pia, lakini wageni walihitaji kula. Tulipika uani. Msimamizi wa masufuria alikuwa mama yuleyule, na nilimsikia akimwita yule mzee kwa jina, kwa sauti ya amri, alete maji. Akaleta, akatumwa tena.

Baadhi ya wageni walikaa, na mahubiri yakaanza kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mkalimani alitoka benchi letu la nyuma.

Sasa tuna viti vya plastiki, kila mtu anavuta chake. Ugomvi uliopo ni wa ibada kurefuka kwa sababu ya tafsiri, na wa vijana wanaotaka kinanda kisikike mpaka barabarani. Wazee hawajaafikiana. Mama wa dirishani yuko na wanaodai ibada fupi, na hana mpango wa kulegeza.