Siuzi Tena Kadi ya RAID

Zamani mteja wa Njombe au Makambako akitaka diski zake zilindane, jibu langu lilikuwa moja: nunua kadi ya RAID. Kadi ina prosesa yake, haiielemei kompyuta, na ile yenye betri hushikilia data iliyokuwa bado haijaandikwa umeme unapokatika. Huku kwetu kukatika umeme si habari.

Kilichonigeuza ni seva ya mfanyabiashara wa mbao pale Makambako. Kadi ilikufa. Diski zote zilikuwa nzima, ila hazikusomeka popote, kwa kuwa kila kampuni hupanga data kwa mtindo wake na kadi ya kampuni nyingine kwa kawaida haiuelewi. Toleo lile lilikuwa limeshaacha kutengenezwa. Tukaulizia Mbeya, tukaulizia Kariakoo, mwishowe ikapatikana iliyotumika, ikaja na basi. Muda wote huo madeni ya mzee yalikuwa yamefungiwa humo, na wadaiwa wake hawakuwa na haraka hata kidogo.

Baadaye studio moja ya picha za harusi Njombe mjini iliunguza mazabodi. Wao, kwa kukosa hela ya kadi, walikuwa wameunganisha diski mbili kwa mdadm, programu ya bure ya Linux. Nikazihamishia kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, zikatambulika, maana mpangilio umeandikwa ndani ya diski zenyewe. Maharusi wakapata picha zao jioni ileile.

Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walipoieleza RAID mwaka 1988, walizungumzia diski za bei nafuu. Sisi tukazifunga kwenye kifaa ghali kisichopatikana.

Sisemi kadi haina kazi. Taasisi yenye seva nzito na kadi ya akiba stoo, iendelee nayo. Ila ile RAID inayokuja ndani ya mazabodi za kawaida mimi siigusi: kazi inafanywa na programu, halafu bado umefungwa kwenye bodi.

Hela ya kadi sasa nawaambia wanunue UPS, na diski moja zaidi ya nakala ikae mji mwingine. Njombe na Makambako ni kama kilomita 60 tu. RAID si nakala: ukifuta faili, limefutika kote.

Kabla hujalipia kadi, muulize muuzaji: hii ikifa, nyingine kama hii iko wapi, na itanifikia lini? Akisitasita, rudisha hela mfukoni.