Binti wa Mlinzi wa Dubu

Hosteli kwetu kuna neno linatumika kama chumvi, kila chungu linaingia: mdangaji. Msichana wa familia ya kawaida akionekana mara mbili na kijana wa kishua, basi, kesi imeisha. Hakuna anayeuliza kama anampenda. Na kijana wa kawaida akimuoa binti wa mkubwa? Huyo ni mjanja, tena anapewa hongera.

Nimelifikiria neno hilo muhula mzima kwa sababu mbili. Ya kwanza nitaisema baadaye. Ya pili ni mwanamke aliyefariki mwaka 548, niliyekutana naye maktaba nikitafuta mada ya somo la historia.

Anaitwa Theodora. Baba yake, Acacius, alikuwa mlinzi wa dubu kwenye uwanja wa michezo wa Constantinople, mji ambao leo ni Istanbul. Uwanja ule ulikuwa na mashabiki wa pande mbili kubwa, Kijani na Buluu. Wewe fikiria Simba na Yanga, ila wenye uwezo wa kumtikisa mfalme. Acacius aliajiriwa na Kijani. Alipokufa aliacha mke na mabinti watatu wadogo. Mama akaolewa upesi ili mume mpya aishike kazi ile, lakini rushwa ikapita na kazi ikaenda kwa mwingine. Basi mama akawavisha watoto mataji ya maua, akawasimamisha uwanjani mbele ya umati waombe huruma. Kijani wakawakataa. Buluu, ambao mlinzi wao wa dubu naye alikuwa amefariki, wakampa baba wa kambo kazi. Sishangai kwamba Theodora alipokuja kuwa mkubwa aliwabeba Buluu.

Akawa mwigizaji, kazi ambayo siku zile watu waliihesabu sawa na ukahaba. Akamfuata afisa mmoja hadi pwani ya Libya, kule akaachwa, akarudi kidogo kidogo kupitia Alexandria. Habari nyingi za ujana wake tunazipata kwa Procopius, mwandishi aliyemchukia na kumwandikia kila aibu kwenye kitabu cha siri, kwa hiyo tumsome kwa tahadhari. Kila hosteli ina Procopius wake.

Ndipo akakutana na Justinian, mpwa wa mfalme Justin. Sheria ya tangu enzi za Augustus ilimkataza mtu wa daraja la seneta kuoa mwigizaji. Na mke wa mjomba, Malkia Euphemia, hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Justinian akasubiri. Euphemia alipofariki, Justin akatoa sheria mpya: mwigizaji aliyeacha jukwaa anaweza kuolewa na mtu wa daraja lolote. Wakaoana karibu mwaka 525. Mwaka 527 wakavikwa taji.

Kinachonichekesha ni hiki. Procopius huyohuyo anasema Euphemia mwenyewe alikuwa mtumwa kabla Justin hajamchukua. Na Justin alikuwa mtoto wa wakulima, alitembea kwa miguu hadi mji mkuu na mikate mikavu begani kutafuta uanajeshi. Na Euphemia huyo ndiye aliyeona binti wa mlinzi wa dubu hafai ukoo wao!

Sasa sababu ya kwanza. Nina mtu. Tulijuana mwaka wa pili kwenye kazi ya kikundi, yeye akiwa wa kwanza kusoma kweli sehemu yake. Mama yangu anauza vitumbua stendi; vitumbua hivyo, pamoja na bumu, ndivyo vimenifikisha hapa. Kwao wana malori. Nilipopelekwa kusalimia, nikasema shikamoo mama, akaitikia vizuri tu, akanipa juisi. Akauliza baba anafanya nini. Nikamwambia alishafariki. "Na unasomea ualimu," akasema. Hilo halikuwa swali. Wiki iliyofuata alimwambia mwanawe kwamba nyumbani kwake haingii mtu anayetafuta maisha.

Jamani, kutafuta maisha! Malori yale, kwa jinsi mwenzangu anavyosimulia mwenyewe, babu yake aliyaanza na baiskeli moja ya kubebea mkaa.

Lakini nijibu. Je, natafuta maisha? Ndiyo. Nataka shahada ya pili. Nataka kuwa mkuu wa shule. Nataka mama aache kuamka saa tisa usiku. Na huyu kijana nampenda. Sijaona mahali ambapo hayo mawili yanagombana. Theodora alitaka makubwa waziwazi: ghasia za Nika zilipozuka mwaka 532 na washauri wakafikiria kukimbia kwa meli, yeye ndiye aliyekataa kuondoka. Kilichofuata uwanjani sitakisifu, Procopius anahesabu waliouawa kuwa zaidi ya elfu 30. Ila alipokufa, mumewe aliishi miaka 17 zaidi na hakuoa tena. Mtu aliyedangwa tu haombolezi hivyo.

Mwenzangu ananiambia, "Subiri, mama atalainika." Hapo ndipo Justinian ananikera. Alimpa Theodora mali, akampatia cheo cha juu, kila kitu isipokuwa ndoa, mpaka mke wa mjomba alipozikwa. Sheria ya miaka zaidi ya 500 iliweza kubadilishwa. Kumshinda mama mmoja akiwa hai ndiko kulikoshindikana.

Mimi sina cheo wala mali ya kungojea nayo. Mwezi wa saba naenda mazoezi ya kufundisha, nimepangiwa mkoa wa mbali, wiki nane. Nimemwambia sitaki asubiri mama yake alainike, wala, Mungu apishe mbali, asubiri kingine chochote. Ampigie simu nikiwa pembeni. Ataje jina langu, aseme mama yangu anauza vitumbua, aseme na yeye anataka nini, kisha tusikie jibu wote wawili.

Kasema Jumapili. Leo ni Jumatano, na andalio la somo la kidato cha pili bado sijalimaliza.