Machozi ya Mama na Hofu ya Majini



Usiku mmoja hapa Mlandege, Iringa, baada ya sala ya Isha, kijana wa darasa letu alitujia na simu yake, akasema: "Maalim, tazama sinema hii, kisha utuambie kama majini haya ni ya kweli." Sinema yenyewe yaitwa Under the Shadow, ya mwaka 2016, kazi ya Babak Anvari, mzaliwa wa Irani. Tuliitazama hadi mwisho.

Kisa ni cha Tehran, wakati wa vita vya Irani na Iraki vya 1980 hadi 1988. Shideh amefiwa na mama yake. Mumewe, daktari, amepelekwa vitani. Naye amebaki na bintiye mdogo, Dorsa. Kombora latoboa paa la nyumba yao lisilipuke, na majirani wanong'ona kwamba limekuja na majini, ambayo husafiri na upepo. Jini lenyewe laonekana mfano wa mwanamke aliyejifunika. Hapo tulikereka, kuona vazi la stara limefanywa la kutishia. Lakini lililotuchoma ni jingine: mtoto aanza kuamini kwamba mama yake hawezi kumlea, na hilo ndilo alilolihofu Shideh mwenyewe moyoni.

Hapo tulimkumbuka jirani yetu mmoja, aliyefiwa na mtoto wa miaka 3. Upepo wa baridi uvumapo jioni, alikuwa akisema amsikia mwanawe analia nje. Watu wakanong'ona kuwa mtoto hakufa, amechukuliwa msukule. Nasi, kwa kujiona tuna elimu, tulimwambia: "Mwanangu, nyamaza, usimkasirishe Mola wako." Akanyamaza kweli, wala hakuja tena kwetu.

Laiti tungalikumbuka siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.)! Mtume alimpakata, machozi yakamtoka. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto. Akawakanusha: jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Basi alikataa uzushi, lakini machozi hakuyakataa. Sisi tulivikataa vyote viwili.

Kulipokucha tulikwenda kwa jirani, pamoja na mama wa nyumbani kwetu, tukamwomba radhi. Akauliza: "Maalim, kwani kulia si dhambi?" Tukamjibu: si dhambi. Akalia mpaka ikaadhiniwa Adhuhuri, nasi tukakaa kimya.

Kijana naye tulimjibu. Majini yapo, na Qur'ani ina sura yenye jina hilo; lakini si kila sauti ya usiku ni yao. Nyingine ni ya huzuni iliyokosa wa kuisikiliza.

Enyi vijana, msisimulie habari za misukule matangani. Enyi wazazi, mfiwa asiachwe peke yake wageni wakishatawanyika. Mwenyezi Mungu awape subira wote waliofiwa. Amin.