Siku 30 za Mteja Wangu

Shauri la mama mmoja wa Mafinga lilifutwa mahakamani Iringa kwa sababu mimi, wakili wake, sikufika. Ofisi yangu iko Mbeya, zaidi ya kilometa 300 kutoka pale, lakini si umbali ulionizuia. Tarehe ya kusikilizwa niliiandika kwenye shajara yangu, ukurasa wa wiki iliyofuata. Basi.

Yeye pia hakuwepo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa anadai fedha za mbao za paini alizotoa kwa mkopo, naye ndiye angekuwa shahidi wa kwanza. Nilikuwa nimemwambia, "Mama, usihangaike na tarehe, nitakupigia siku moja kabla." Mdaiwa alifika. Hakimu, kwa haki kabisa, akafuta shauri.

Chini ya Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, mdai aliyefutiwa shauri namna hiyo hawezi kufungua jipya kwa madai yaleyale. Anachoweza ni kuiomba mahakama iondoe amri yake, akionyesha sababu ya kutosha ya kutofika. Muda ni siku 30. Nilikuwa na nafasi. Tangu uamuzi wa Mbogo dhidi ya Shah, uliochapishwa mwaka 1968, mahakama za Afrika Mashariki zimekubali kwamba mtu hukosea kwa bahati mbaya au kwa kupitiwa, na kwamba nafuu haistahili kwenda kwa anayekusudia kukwepa haki. Ningeapa ukweli wiki ileile, ningekuwa na la kusema.

Badala yake niliandika hati ya kiapo yenye lori lililopinduka kwenye mteremko wa Inyala na barabara iliyofungwa. Kila anayepita mteremko ule angeamini. Sikuisaini. Lakini pia sikuichana. Niliifungia mtotoni mwa meza, nikawa naitoa na kuirudisha huku siku zikikatika. Mama akapiga simu: "Kamwene, mwanangu, tarehe imefika?" Nikamjibu mahakama haijapanga. Huo ulikuwa uongo, na nilimwambia mtu aliyeniamini.

Siku 30 zilipopita, ikabidi kwanza niombe kuongezewa muda. Katika uamuzi wa Lyamuya Construction wa mwaka 2011, Mahakama ya Rufani ilitaja vigezo vya kuzingatiwa: aliyechelewa aeleze muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usipite kiasi, na awe ameonyesha bidii, si uzembe. Uamuzi huo nilikuwa nimewanukulia mahakimu mara nyingi nikiwapinga watu wengine. Sasa siku za kuelezwa zilikuwa zangu, na nilizitumia kutafuta namna ya kujificha. Safari hii niliapa hivyo hivyo, bila lori. Maombi yalikataliwa, na ninaona yalistahili kukataliwa. Aliyeumia si mimi. Mbao zake zimekwishajenga paa la mtu, naye hana fedha wala shauri.

Nilikwenda Mafinga nikamweleza yote, pamoja na ile simu. Nikamrudishia ada, nikamwachia barua niliyoisaini: tarehe niliyokosa, siku nilizopoteza, uongo niliomwambia. Nikamweleza kwamba anaweza kuipeleka Kamati ya Mawakili, au kumpa wakili mwingine anidai fidia, na kwamba sitabisha neno lolote lililomo. Aliniuliza ni wakili gani wa Iringa asiye rafiki yangu. Nikamwandikia majina.