Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone", hawakuwa na habari ya kompyuta. Hata hivyo, sijapata kuuona msemo huo ukitimia waziwazi kama ulivyotimia ndani ya sanduku la SPARCstation 20, mashine ya Unix iliyotolewa na kampuni ya Sun ya Marekani mwaka 1994. Mgeni alikuwa kadi moja tu, yaani kidhibiti cha pili cha diski. Mwenyeji alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulitishia kuzika kazi ya umri mzima wa mtu.

Mtu mwenyewe ni marehemu mjomba wangu. Aliinunua mashine hiyo kwa bei ya chakavu kutoka ofisi moja ya Uingereza, akaja nayo Unguja, na juu yake akaandika kamusi ya maneno ya mabaharia na waunda vyombo: foromali, goshi, demani, na mengine yanayozidi kufifia kila injini inapochukua nafasi ya tanga. Alipofariki mwaka 2007, hapakuwa na hata ukurasa mmoja uliochapwa. Ndani ya mashine mlikuwa na diski mbili: moja ilibeba mfumo wa Solaris, ya pili ilibeba maneno.

Kisha likaja giza. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa muda wa miezi mitatu. Katika giza hilohilo, Januari 2010, kampuni ya Sun, ambayo jina lake maana yake ni jua, ilinunuliwa na Oracle. Umeme uliporudi, diski ya maneno iliamka kwa taabu. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

Msomaji atauliza: si kunakili tu? Hapo ndipo penye fundo. Mashine hizi hutumia mpangilio wa SCSI, ambao mafundi huutamka "skazi". Diski zote za kidhibiti kimoja hukaa kwenye njia moja, kila moja na namba yake kati ya 0 na 7, na kwa kawaida namba 7 ni ya kidhibiti chenyewe. Njia ni ya wote, lakini wasemao kwa wakati mmoja ni wawili tu. Diski mgonjwa ikikwama katikati ya usemi, huishika njia, na wengine wote hungoja. Diski ya mfumo ilikuwa miongoni mwa waliongoja. Kwa hiyo kila mara maneno yalipokwama, mashine nzima iliganda. Mgonjwa mmoja aliwazuia wazima kupumua.

Dawa yake ilikuwa kumtenga. Kadi ya mtumba iliyoagizwa ng'ambo iliingia katika moja ya matundu manne ya SBus, nayo ikaleta njia ya pili. Diski mgonjwa ikahamishiwa kwenye kisanduku cha nje chenye umeme wake, kwenye njia hiyo, peke yake. Mahali ilipotoka ndani ya mashine niliweka diski nzima, tupu. Mwisho wa njia ya nje ukafungwa kwa kizibo maalumu, kwa kuwa mawimbi ya umeme yakifika ncha iliyo wazi hurudi kama mwangwi na kuyavuruga yanayofuata. Hata waya huhitaji kuambiwa mahali mazungumzo yanapokoma.

Nilipoiwasha, kabla ya Solaris kuamka, mashine iliuliza kwa neno lake fupi, "ok". Niliandika probe-scsi-all, nayo ikazitaja diski zilizoitika kwenye njia zote mbili. Kisha nikaandika boot -r, amri inayouambia mfumo uamke huku ukihesabu upya vilivyomo. Pasipo amri hiyo, mgeni angeweza kukaa ukumbini bila kutambulishwa.

Lililonigusa zaidi ni majina. Katika Solaris jina la diski ni anwani yake. Ya mfumo iliitwa c0t3d0, maana yake kidhibiti 0, namba 3. Ya maneno ilikuwa c0t1d0. Mgonjwa alipohamia kwa mgeni aliitwa c1t2d0, na ile diski tupu ikarithi jina la c0t1d0 kwa sababu tu ilikaa palepale. Mwenyeji hakunyang'anywa jina wala mgeni hakujitwalia la mwenziwe, kwani mfumo huweka kumbukumbu ya nani alitangulia. Jina ni la kiti; wakaaji hupita.

Kunakili kulichukua siku mbili, kwa amri ya dd, kitalu baada ya kitalu cha baiti 512. Niliiagiza isisimame inapokutana na kitalu kisichosomeka, bali iache sifuri mahali pake na kuendelea. Diski mgonjwa ilikwama mara nyingi, ila safari hii ilikwama kwenye njia yake, na mashine haikuganda. Mwishoni vitalu 11 havikusomeka. Tisa kati yake vilikuwa ndani ya herufi N: herufi 4,608 za mwandiko wa mjomba.

Nilizitazama zile sifuri kwa muda mrefu. Zingeweza kufutwa ili maneno yaliyobaki yasogeleane na pengo lisionekane. Sikuzifuta. Pengo lililowekwa mahali pake hueleza ukubwa wake, na kwa kuwa lina neno kabla yake na neno baada yake, anayejua anaweza kuulizwa. Nilichapa kurasa zile na kuzipeleka Nungwi, kwa wazee waundao vyombo. Waliyasoma maneno ya kandokando, wakabishana, wakacheka, wakajaza. Si yote. Mapengo mengine wao pia waliyatazama na kutikisa kichwa, na hayo bado yana sifuri zake.

Kuhifadhi, basi, si kukataa hasara. Ni kumpa mgeni nafasi bila kumwondolea mwenyeji yake, na kumwekea aliyetoweka kiti chake, kikiwa kitupu, mpaka atokee wa kumtaja.